Bustani Katika Gunia na Debe

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya bustani isiyohitaji shamba. Nataka kuwaonyesha jinsi gunia kuukuu, debe lililotoboka, chungu chenye ufa na gamba la mgomba viwezavyo kuwapa watu wa nyumbani mboga za majani wakati ambapo mboga ni adimu. Nitanena hasa habari za Tunduma na nchi ya Songwe, kwa kuwa huko haja ya kazi hii huonekana wazi. Lakini mtu akaaye Mbeya, Sumbawanga, au ng'ambo ya mpaka katika mji wa Nakonde, asidhani kwamba hayamhusu.

Mkoa wa Songwe ulimegwa katika Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao yake ni Vwawa. Nchi hii ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba na kwisha Aprili au mapema Mei. Katika miezi hiyo hapana mtu wa kulilia mboga. Maboga hutambaa kila mahali, na mnavu hujiotea wenyewe penye samadi. Lakini ifikapo Agosti na Septemba udongo umekuwa kama tofali, na mama aliyekuwa akichuma mboga mlangoni pake sasa hana budi kwenda sokoni na fedha mkononi. Fedha ikikosekana, ugali huliwa na kitu kingine, au huliwa na chumvi. Watoto wadogo na mama wenye mimba ndio waumiao kwanza, maana katika majani mabichi ya kijani mna vitu viongezavyo damu na kulinda macho, ambavyo unga wa mahindi mweupe hauna.

Katika mji wa Tunduma pana jambo la pili. Mji huu umekaa mpakani, penye njia kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, na penye reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Watu wamekuja kwa biashara kutoka pande zote na kujenga karibu karibu. Mpangaji mwenye chumba kimoja ana nini nje? Ana ukanda wa ardhi wa hatua mbili au tatu, kati ya mlango wake na ukuta wa jirani, wala hana ruhusa ya kuuchimba. Tena penye nyumba isiyo na bomba maji hununuliwa kwa ndoo, na hakuna mtu mwenye akili atakayemwaga maji ya fedha juu ya tuta kubwa ili jua liyanywe.

Basi kwa mtu huyo bustani ya chombo ndiyo ifaayo. Lakini kabla ya kushika gunia, yapasa tuelewe jambo moja, kwa kuwa wengi hujaribu kazi hii, mimea ikafa, nao wakasema kwamba ni uongo.

Udongo uliomo chomboni si sawa na udongo wa shamba. Shambani maji yakizidi hushuka chini, nayo mizizi hubaki na hewa. Mizizi nayo huvuta pumzi kama sisi. Ikizamishwa majini siku nyingi hufa. Katika debe lisilo na tundu maji hayana pa kwenda. Hutuama chini, mizizi huoza, na majani hugeuka manjano na kulegea. Mwenye bustani akiyaona majani yamelegea husema, "Mmea wangu una kiu," akaongeza maji. Hivyo anauzamisha zaidi kwa huruma yake. Kwa hiyo kila chombo, kiwe kizuri au kibaya, lazima kiwe na matundu chini, na juu ya matundu kiwe na kokoto au vigae, ili udongo usiyazibe. Ukitaka kujua kama mmea una kiu kweli, usitazame majani peke yake. Tia kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Ukiona unyevu, ngoja kesho.

Sasa tufanye bustani ya gunia. Tafuta gunia la kilo 50 au 100, lile la mkonge au lile la nyuzi za plastiki litumiwalo kwa mahindi na mbolea. La mkonge huoza upesi kwa unyevu. La plastiki huharibiwa na jua, likapasuka baada ya mwaka mmoja au miwili. Mimi ningechagua la plastiki na kuliweka mahali penye kivuli cha saa za adhuhuri. Kama lilikuwa na mbolea ya chumvichumvi, lifue kwanza kwa maji mengi na kulianika. Kunja ukingo wake wa juu kama mkono wa shati, ili lisimame vizuri, kisha liweke pale pale litakapokaa, maana likisha kujaa hata vijana wawili hawataliinua.

Changanya udongo pembeni: ndoo mbili za udongo mzuri wa juu na ndoo moja ya samadi iliyooza kabisa. Udongo ukiwa wa mfinyanzi mzito, ongeza mchanga nusu ndoo. Waliopo Mbozi kwenye kahawa wanaweza kutumia maganda ya kahawa badala ya samadi, lakini yawe yamelala katika lundo miezi kadhaa na kugeuka meusi. Maganda mabichi hupata moto yanapooza, nayo huchoma mizizi. Gao moja la majivu ya kuni kwa kila ndoo latosha. Majivu mengi huharibu udongo.

Kisha chukua kopo kubwa, mfano kopo la rangi ya maji lililosafishwa, ukate kitako chake, libaki kama bomba fupi lililo wazi pande zote mbili. Lisimamishe katikati ya gunia na kulijaza mawe yenye ukubwa wa yai. Jaza udongo kulizunguka hadi ukingo wa kopo, kisha livute juu taratibu: mawe yatabaki chini, yamesimama kama nguzo. Jaza mawe tena, jaza udongo tena, vuta tena, hivyo hivyo mpaka ufike juu. Nguzo hii ndiyo roho ya bustani nzima. Ukimwaga maji juu ya gunia lisilo na mawe, mimea ya juu itakunywa yote na ya chini itakauka. Lakini maji yakipita katikati ya mawe hufika kila mahali, tena hewa nayo hupita njia ile ile. Atakayeona uvivu kutafuta mawe na aache kazi yote, maana atajichosha bure.

Gunia likisha kujaa, lipe maji na kuliacha siku mbili au tatu ili udongo ushuke. Baadaye toboa mbavuni mwake matundu madogo ya kupita vidole viwili, umbali wa shubiri moja kutoka tundu hadi tundu, wala yasifuatane kwa mstari wa juu na chini, bali yapishane kama matofali ya ukuta. Katika matundu hayo panda miche jioni, jua likisha kupungua ukali. Sukuma wiki, chainizi, spinachi na mnavu hukubali sana kukaa ubavuni. Matembele hupandwa kwa vipande vya shina. Mchicha husiwa juu, nao huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Juu waweza pia kuweka mche mmoja wa nyanya wenye mti wa kuushikiza, au shina moja la boga litakalotambaa ukutani, upate majani yake. Karoti usizipeleke ubavuni. Mzizi wake wataka kwenda chini bila kuzuiwa.

Miche ya sukuma wiki ikisha kushika, baada ya wiki tano au sita hivi chuma majani ya nje tu, mawili au matatu kwa kila shina, ukiacha moyo wa katikati. Mtu akatae shauri la kung'oa shina zima. Shina lililochumwa kwa adabu huendelea kutoa majani miezi mingi.

Labda mtu atauliza, "Na maji je?" Gunia kubwa lataka lita 5 hadi 10 kwa siku kwa kadiri ya jua, nusu asubuhi na nusu jioni. Si lazima yawe maji safi ya kunywa. Maji yaliyoosha mchele, yaliyoosha mboga, na yale ya suuza ya mwisho ya nguo yafaa sana, yakimwagwa katika mawe bila kugusa majani. Lakini maji ya kwanza ya kufulia, yenye povu jingi la sabuni ya unga, usiyape mimea kila siku, maana chumvi yake hukaa udongoni na kuufanya mgumu. Maji yenye mafuta ya sahani yaache kabisa. Huziba udongo na kuwaita panya na nzi.

Mambo haya si ya kubahatisha. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya fujo zilizofuata uchaguzi wa Kenya, bei ya chakula ilipanda sana katika mitaa ya Nairobi, na watu wa Kibera walikuwa katika dhiki kubwa. Shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités liliwasaidia kupanda mboga magunia mengi, na vichochoro ambavyo havikuwa na nafasi ya tuta hata moja vikaota sukuma wiki. Kibera ni mahali pa msongamano kupita Tunduma. Kama gunia lilisimama kule, litasimama na huku.

Tuje sasa kwenye debe. Neno hili tulilipata kutoka Bara Hindi pamoja na wafanya biashara, na chombo chenyewe kilienea Afrika ya Mashariki pamoja na mafuta ya taa, kikabeba galoni 4, yaani lita 18 hivi. Mafuta yalipokwisha debe halikutupwa. Liliteka maji, liliezeka nyumba, lilipima mahindi. Na hata leo mkulima wa Momba akiulizwa amevuna kiasi gani, huenda akajibu kwa madebe. Kulifanya chombo cha mmea ni rahisi: msumari na jiwe, matundu manane kitakoni, kokoto, udongo, basi. Kunja kwa nyundo kingo zote kali, maana mkono uliokatwa na bati lenye kutu huweza kupatwa na pepopunda. Kutu yenyewe haidhuru mboga. Dumu la mafuta ya kupikia nalo ni zuri sana, likikatwa ubavu mmoja na kulazwa. Lioshwe kwa maji ya moto na majivu mpaka utelezi uishe.

Lakini hapa sikilizeni vizuri, na mwenye mtoto amsomee, kwa kuwa katika mji wa malori vyombo vitupu viko tele na vingi havifai. Chombo kilichokuwa na dawa ya kuulia wadudu au magugu kisitumiwe kamwe kupandia kitu cha kula, wala kutekea maji, wala kuwekea chumvi, hata kikioshwa mara kumi. Dawa hujificha katika plastiki. Kioshwe mara tatu, maji yake yamwagwe katika bomba la kupulizia shambani, kisha kitobolewe ili asije mwingine akakiokota. Dumu la oili ya injini vile vile si la mboga. Sanduku la betri ya gari ndilo baya kupita yote, kwa sababu mna risasi ndani yake, yaani madini yale mazito ya kijivu, pamoja na tindikali. Risasi huingia mwilini mwa mtoto polepole na kudhoofisha akili yake, na mama hataona dalili yo yote mpaka madhara yamekwisha kutendeka. Kwa sababu hiyo hiyo usichote udongo wa bustani karibu na gereji au mahali ambapo betri zilivunjwa. Udongo wa huko waweza kuwa mweusi na kupendeza macho, na bado ni sumu.

Na matairi? Najua kwamba watu huyapenda, maana hayanunuliwi, na fundi mwenye nguvu huligeuza tairi ndani nje likawa kama bakuli kubwa. Katika mpira wa tairi mna zinki na vitu vingine vya kiwandani. Kwa hiyo shauri langu ni kuyaachia maua na mishubiri, na kuyapaka chokaa ili yasishike moto wa jua. Tena tairi lililolala wazi hushika maji ya mvua katika tumbo lake, na hapo ndipo mbu wa homa ya dengi hupenda kutaga. Mwaka 2014 na tena mwaka 2019 homa hiyo iliwaumiza watu wengi wa Dar es Salaam. Toboeni tairi chini, mlijaze udongo hadi ndani ya mashavu yake, wala msiache makopo matupu yakikinga mvua. Kisahani kinachowekwa chini ya chungu cha ua kijazwe mchanga, ili maji yasionekane juu.

Nimetaja chungu. Nani katika pande zetu asiyejua vyungu vya Wakisi? Wanawake wa Ikombe na vijiji vingine vya pwani ya Ziwa Nyasa, katika Kyela, huvifinyanga kwa mikono na kuvichoma kwa moto wa wazi, kisha huuzwa Matema na kusafirishwa hadi Mbeya na mbali zaidi. Kwa kuwa havipakwi kioo, udongo wake hupitisha maji kidogo kidogo, na tabia hiyo, iliyo hasara kwa mwenye kutunza mafuta, ni faida kwetu. Chukua chungu kidogo kisicho na tundu, kifukie katikati ya debe pana au tuta fupi, mdomo ubaki juu; kijaze maji, kifunike kwa kigae ili mbu na panzi wasiingie. Maji yatapenya ukutani mwake polepole, na mizizi itakuja yenyewe kukikumbatia chungu. Waweza kukijaza mara moja kwa siku mbili au tatu, bila tone kupotea juani. Ufundi huu ni wa kale: katika China, karne ya kwanza kabla ya Kristo, mwandishi Fan Shengzhi alieleza jinsi ya kufukia vyungu vya maji ili kunywesha matikiti. Wakaao Momba kule chini kuelekea Ziwa Rukwa, ambako joto ni kali kuliko Tunduma, watapata faida kubwa kuliko wengine. Asiye na chungu na atumie chupa ya maji ya plastiki: toboa kizibo kwa sindano, kata kitako, ichomeke kichwa chini karibu na mche wa nyanya.

Watu wa Ileje wenye migomba wana chombo kingine kisichogharimu hata senti. Gamba kavu la mgomba hulowekwa kidogo lilainike, likakatwa upana wa kiganja, likakunjwa kuzunguka chupa na kufungwa kwa kamba ya mgomba huo huo. Ukiitoa chupa, una kikombe cha kusia mbegu. Mche ukikua hupandwa pamoja na kikombe chake, nacho huoza udongoni bila kuisumbua mizizi. Viriba vya plastiki vitumiwavyo katika vitalu ni vizuri, lakini havina budi kuchanwa na kuondolewa wakati wa kupanda, na wengi husahau. Miaka baadaye mti unalegea, nao wakichimba wanakuta mizizi imejizungusha kama nyoka. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku katika Tanzania. Gamba la mgomba halikupigwa marufuku na mtu ye yote.

Kwa mapambo nitasema machache. Makopo ya maziwa yaliyotobolewa na kupakwa udongo mweupe na mwekundu, kama ule wa kupakia nyumba, yakifungwa kamba na kuning'inizwa barazani, hupendeza macho. Ndani yake panda mrehani, nanaa au vitunguu vya majani. Mchaichai usiutie katika kopo dogo, utalipasua. Upe debe lake peke yake. Kazi hii yafaa watoto wa shule, nao wafanye pia chombo cha kunyunyizia: kopo, msumari mwembamba, matundu ishirini kitakoni, na mkono wa waya.

Sasa kuhusu wakati. Ukitaka kula mboga zako Agosti, sia mbegu mwishoni mwa Aprili au mwanzo wa Mei, mvua zinapoaga, ili miche ishike kabla ya baridi ya Juni na Julai. Nchi ya juu, kama Tunduma na Mbozi, ina baridi kali usiku katika miezi hiyo, na mche mdogo hukaa tu pasipo kukua. Gunia liegemee ukuta utazamao kaskazini, maana majira hayo jua hupita upande huo, na ukuta utatunza joto la mchana. Kuku wazuieni kwa miiba. Vidukari vikitokea chini ya majani, vioshwe kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande, asubuhi mapema, siku tatu mfululizo, na majani yasuuzwe kabla ya kupikwa.

Novemba, mvua zikirudi, gunia litakuwa limechoka na udongo wake umepungua nguvu. Limwage juu ya shimo la maboga, au mpe jirani mwenye shamba, nayo mawe yaosheni na kuyaweka kando ya nyumba mpaka Aprili.